Kompyuta Inapotafuta Kanuni ya Ziwa

Wanaoijua Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, wengi wanaijua kwa Bulabo, tamasha la ngoma. Kila Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani, kila upande na ngoma zake, wakacheza kwa wakati uleule. Ushindi ni wa aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Nayapenda mashindano hayo, maana ni vigumu kumhonga hakimu ambaye ni umati mzima.

Nimeazima uwanja huo kwa mjadala usio na ngoma. Hoja iliyowekwa mbele ya wasemaji ni hii: kwamba kijana anayeanza kazi ya data aiachie programu ya kompyuta imtafutie mlinganyo uliojificha ndani ya vipimo vyake, badala ya kuubuni yeye kwanza kwa kichwa na kalamu. Wasemaji wanne nimewatunga mwenyewe, na mwenyekiti wao ni mimi. Historia na hesabu wanazozitaja sikuzitunga. Kijana amesomea takwimu na ndiye mtoa hoja. Mwalimu anafundisha Fizikia sekondari na anapinga. Mzee ni mhandisi wa maji aliyestaafu, hajasema yuko upande gani. Mama ananunua sangara mwaloni na kuwauzia wenye mizani kubwa kuliko yake. Alikuja kusikiliza tu, au ndivyo alivyosema.

KIJANA: Mwangaluka, na shikamooni wakubwa wangu. Nianze na kazi yenyewe. Una jedwali. Safu ya kwanza ni usawa wa maji kwenye kipimo, safu ya pili ni maji yanayotoka kila sekunde. Unataka kujua ya pili inaifuataje ya kwanza. Kwa njia tuliyofundishwa wote, wewe ndiye unayechagua umbo la mlinganyo, tuseme mstari ulionyooka, kisha kompyuta inakutafutia namba za kujaza. Njia ninayoitetea haikulazimishi kuchagua umbo. Unaipa programu alama tu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kipeo, pengine mzizi na logi. Yenyewe inaunda milinganyo midogo mingi ovyoovyo na kuipima kila mmoja kwa jedwali lako. Mibovu inatupwa. Iliyosalia inabadilishana vipande, huu ukipokea kipeo cha ule, ule ukipoteza jumla isiyo na kazi, na kizazi kipya kinapimwa tena. John Koza wa Marekani aliiandikia kazi ya namna hii kitabu kinene mwaka 1992. Mwaka 2009 Michael Schmidt na Hod Lipson wa Chuo Kikuu cha Cornell waliipa programu yao data za penduli, hata ile penduli ya vipande viwili ambayo haitabiriki, nayo ikatoa kanuni ambazo wanafizikia walizitambua mara moja.

MWALIMU: Na programu hiyo inauzwa bei gani?

KIJANA: Ile yao, Eureqa, iliishia kwenye biashara. Lakini leo kuna PySR ya Miles Cranmer, ni ya bure kabisa. Unaiita kutoka Python, na injini yake ya ndani imeandikwa kwa lugha ya Julia, ambayo inajisakinisha yenyewe mara ya kwanza. Ukishaisakinisha huhitaji tena bando. Mistari ya maelekezo haizidi kumi na kitu.

MWALIMU: Sasa nipe nafasi. Mwaka 1766 Mjerumani mmoja, Titius, aliona kwamba umbali wa sayari kutoka kwenye jua unafuata hesabu nyepesi: chukua 0.4, ongeza 0.3 mara 2 kwa kipeo kinachopanda moja moja. Mjerumani mwenzake, Bode, akaieneza. Mwaka 1781 Uranus ikagunduliwa, ikakaa karibu kabisa na pale hesabu iliposema. Mwaka 1801 Ceres ikapatikana kwenye pengo lililokuwa wazi kati ya Mirihi na Mshtarii. Watu wakaamini. Mwaka 1846 ikapatikana Neptune. Hesabu ilisema 38.8, ikiwa umbali wa dunia na jua ni 1. Neptune iko 30.1. Kanuni iliyopita mitihani miwili mbele ya watu wote ikafeli wa tatu, na hadi leo hakuna aliyeonyesha ilikuwa na sababu gani ya kuwepo. Titius alikuwa mtu mmoja mwenye kalamu. Wewe unataka kumpa kila mwanafunzi mashine ya kutengeneza akina Titius elfu kwa saa moja.

KIJANA: Kepler naye alikuwa mtu mwenye kalamu, Mwalimu. Alichukua vipimo vya Tycho Brahe, akahangaika navyo miaka, na mwaka 1618 akapata kwamba mraba wa muda wa sayari kuzunguka jua unalingana na mchemraba wa umbali wake. Hakuwa na sababu. Sababu ilikuja na Newton, Kepler akiwa kaburini zaidi ya nusu karne. Mngemzuia asiandike?

MWALIMU: Nisingemzuia. Ningemuuliza ametupa milinganyo mingapi kabla ya huo.

(Hapa nilimwona Mzee akitabasamu. Swali hilo ndilo la msingi, na wauzaji wa programu hawalipendi. Anayejaribu milinganyo milioni moja lazima apate mmoja unaopendeza kwa bahati.)

KIJANA: Swali ni halali, na programu nzuri inalijibu kwa namna yake. PySR haikupi mlinganyo mmoja ikakwambia pokea. Inakupa orodha. Juu kabisa namba moja peke yake, chini yake mstari ulionyooka, chini yake kitu kirefu kidogo, hadi majitu yenye alama ishirini na zaidi. Kando ya kila mmoja imeandikwa ni mrefu kiasi gani na unakosea kiasi gani. Unachotafuta si ule unaokosea kidogo kuliko yote, maana huo karibu kila mara ni wa mwisho na mrefu kuliko yote, umeyakariri makosa ya vipimo vyako. Unatafuta mahali ambapo kuongeza alama moja kunaangusha kosa kwa kishindo, kisha baada ya hapo alama zinaongezeka na kosa halisogei.

MWALIMU: Na wanaojisifu kwamba mashine imefaulu mia kwa mia? Nimesoma habari zao.

KIJANA: Udrescu na Tegmark, mwaka 2020. Walichukua milinganyo 100 kutoka mihadhara ya fizikia ya Feynman, programu yao ikaipata yote. Eureqa ilipata 71.

MWALIMU: Data walizitoa wapi?

KIJANA: Walizitengeneza kwa milinganyo yenyewe.

MWALIMU: Basi ni mtihani ambao majibu yako ndani ya maswali. Mtaani hakuna data zilizooshwa namna hiyo. Mnamkumbuka Erasto Mpemba wa Magamba Sekondari, mwaka 1963, aliyesema maziwa ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi na darasa likamcheka? Baadaye Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam hakumcheka. Alipoulizwa, alirudi maabara akapima, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Mwaka 2016 Burridge na Linden wakarudia vipimo Uingereza, wakasema hawaoni ushahidi, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunaweza kukupa jibu la Mpemba au kukunyang'anya. Sentimita moja! Programu yako inaona namba tu, haioni kipimajoto kilikaa wapi.

MAMA: Samahani, Mwenyekiti. Mimi nilikuja kusikiliza, lakini mnakwenda mbali hadi Neptune na sangara wako hapa. Huyu mwanangu aliniambia anaweza kupata kanuni ya urefu na uzito wa samaki. Nataka kujua inanisaidia nini.

KIJANA: Ndiyo, Mama. Ukipima urefu na uzito wa samaki mia mbili hivi, ukaipa programu, itakuletea kwamba uzito ni namba fulani mara urefu kwa kipeo kilicho jirani na 3.

MWALIMU: Hiyo haihitaji programu. Samaki akirefuka bila kubadili umbo, anapanuka na kunenepa kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo ujazo unakwenda kwa mchemraba. Urefu mara mbili, uzito mara nane.

KIJANA: Ndiyo maana nataka anayeanza aanzie hapo, Mwalimu. Aanze na kitu ambacho jibu lake tunalijua, ili aone mashine inavyokosea kabla hajaipa kitu tusichokijua.

MAMA: Nawe umepima samaki wa nani? Kama ni wa kwangu, wote wana sentimita 50 kwenda juu, maana chini ya hapo sheria hairuhusu. Wadogo wapo, ila mbele ya mtu mwenye daftari hawaji kwenye mizani. Halafu wengine nimewanunua wameshatolewa matumbo, na wengine majike wenye mayai. Kanuni yako itawaweka wote kapu moja?

Kijana aliandika kitu kwenye karatasi. Mwalimu hakusema neno, na kwa mpinzani wa mjadala hiyo ni adabu kubwa. Ningekuwa nahesabu alama, Mama angekuwa anaongoza: kwa sentensi tano ametaja data zilizokatwa chini, kipimo kilichobadilishwa maana, na kigeu kilichosahaulika. Vitabu vya takwimu vinatumia sura nzima kwa kila kimoja.

MZEE: Sasa mniachie mimi, na mnivumilie, maana ni hadithi ndefu. Mwanangu, ulipoanza ulitaja usawa wa maji na maji yanayotoka. Ulichukua mfano tu, lakini mimi hapo umenigusa. Ziwa hili la Victoria lina mlango mmoja wa kutokea, kule Jinja, Nile inapoanzia. Zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon. Mwamba ule ndio uliokuwa msimamizi: ziwa likipanda unapitisha maji mengi, likishuka unabana. Usawa wa ziwa umekuwa ukiandikwa tangu 1896. Waingereza walipotaka kujenga bwawa la umeme la Owen Falls, Misri iliogopa kubaniwa maji. Wakakubaliana kwamba bwawa litapitisha maji kama ambavyo mwamba ungepitisha. Bwawa likakamilika 1954, maporomoko ya Ripon yakatoweka, na kazi ya mwamba ikachukuliwa na mlinganyo. Sisi tunauita Mkunjo wa Makubaliano. Andikeni: Q ni 66.3 mara (H kutoa 7.96) kwa kipeo cha 2.01. H ni mita kwenye kipimo cha Jinja, Q ni mita za ujazo kwa sekunde.

KIJANA: Mzee, huo ndio mfano bora kuliko yote niliyoleta! H ikiwa 11, Q inatoka karibu 620. Ikiwa 12, karibu 1,100. Ikiwa 13, karibu 1,700. Mtu anaweza kuficha mlinganyo huo, akatoa jozi hamsini za H na Q kati ya 10.5 na 13, akazichafua kidogo kwa makosa ya kubuni, akaipa programu. Mstari ulionyooka utakosea kwa mita za ujazo 35 hivi katikati. Kipeo cha pili kitaangusha kosa ghafla. Baada ya hapo alama za ziada hazitanunua kitu. Tena nimepiga hesabu sasa hivi: ukiandika 67.2 mara (H kutoa 7.96) kwa kipeo cha 2 kamili, tofauti na mkunjo wenu haifiki hata nusu asilimia. Mashine itapendelea 2, na ina haki.

MWALIMU: Hapo naipa haki pia, ila kwa sababu ambayo mashine haiijui. Maji yakimwagika juu ya kizingiti cha umbo la mstatili, kipeo ni 1.5. Kizingiti chenye umbo la V kina 2.5. Kilichopinda kama bakuli, kwa hesabu ya parabola, ni 2. Mwamba wa Ripon haukuchongwa na fundi, lakini 2.01 inasema kwa jumla ulipinda hivyo. Na ile 7.96 si pambo: ndipo, kwa hesabu, mto ungekauka. Tena kwa kipeo cha 2 ile 67.2 inakuwa na vizio vya mita kwa sekunde, vinavyosomeka. Kwa 2.01 vizio vinakuwa vya ajabu, hakuna mwanafunzi atakayeweza kuvitamka.

KIJANA: PySR inaweza kupewa vizio, Mwalimu, ikaiadhibu milinganyo inayochanganya mita na sekunde.

MZEE: Mnafurahi mapema. Nakuuliza, mwanangu. Chukua vipimo halisi vya Jinja vya miaka ya 1970 na 1980, siyo vya kubuni. Ipe programu yako. Itapata nini?

KIJANA: Mkunjo uleule, Mzee. Safi kabisa, nadhani.

MZEE: Safi kwa sababu gani? Mwamba haupo tangu 1954.

KIJANA: ...

MZEE: Kwa sababu ya watu wa bwawa. Walikuwa wanasoma kipimo, wanatazama jedwali la makubaliano, wanafungua mageti kulingana na jedwali. Programu yako itatangaza imegundua kanuni ya maumbile, kumbe imegundua barua walizoandikiana Uingereza na Misri.

(Umati wangu wa kubuni ulipiga kelele hapa, na mimi nilikuwa nao.)

MZEE: Sijamaliza. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, maji yakavuka upeo wa vipimo vya zamani, mkunjo ukabidi urefushwe kwenda juu. Kurefusha mkunjo pale ambapo hujawahi kupima ni kazi ya maabara na ya mashaka, haiishi kwa kubonyeza kitufe. Kisha kuanzia 2000 bwawa la pili, Kiira, likaingia kazini kando ya lile la kwanza. Ukaja ukame, Uganda ikahitaji umeme, mageti yakafunguliwa kuliko mkunjo ulivyoruhusu. Kufika 2006 ziwa lilikuwa limeshuka sana. Mwaka huohuo Daniel Kull, mtaalamu wa maji, alifanya hesabu kwa kutumia mkunjo huu kama kipimo: zaidi ya nusu ya kushuka kwa 2004 na 2005 aliiweka kwenye maji yaliyofunguliwa kupita makubaliano, iliyobaki kwenye ukame. Mnaona mlinganyo ulivyotumika? Haukutumika kutabiri. Ulitumika kuuliza nani amechukua maji. Ungekuwa mtandao wa neva, yaani akili unde yenye namba milioni, nani angekubali kuhukumiwa nao?

MAMA: Huo mwaka 2006 tulikuwa tunakanyaga tope kuufuata mtumbwi. Na mwaka 2020 maji yakaingia vibandani. Kwa hiyo kipimo kiko Jinja, geti liko Jinja, na tope liko kwetu.

MZEE: Ndivyo, mayu. Ingawa si kila kitu kiko getini. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mita za ujazo 1,000 kwa sekunde zikitoka siku nzima, ziwa lenye kilomita za mraba karibu 69,000 linashuka milimita moja na robo tu. Ila ukizidisha 200 kila sekunde mwaka mzima, ni sentimita tisa. Tope lako linaanzia hapo.

KIJANA: Naomba nibadili hoja yangu bila kuiondoa. Kosa haliko kwenye kutafuta mlinganyo. Liko kwenye kuchanganya vipindi vitatu, mwamba, mkunjo na umeme, ndani ya jedwali moja. Ukimwaga vyote pamoja, programu itatoa jitu lisilosema lolote, na jitu hilo lenyewe ni ushahidi kwamba jedwali lina mikono zaidi ya mmoja. Mlinganyo mfupi unaoshindwa mwaka fulani unakuonyesha mwaka wa kuuliza maswali. Ndiyo maana naupendelea kuliko akili unde isiyosomeka. Humu makumbusho kuna maonyesho ya jinsi rika za Wasukuma zilivyohesabu moja hadi kumi, kila rika kwa maneno yake, wengine wasielewe. Hesabu ilikuwa ileile, ila asiye wa rika hawezi kubisha. Mitandao ya neva iko hivyo. Mlinganyo wa Mzee umesomwa na Mwalimu, ukasahihishwa kipeo, na Mama ameuelewa hadi kwenye tope.

MWALIMU: Umesema vizuri, lakini hujanijibu. Mwanafunzi wangu anaanzaje Jumatatu? Usinipe sifa, nipe kazi.

KIJANA: Aanze kwa kuchora grafu, Mwalimu, kwa mkono kama unavyotaka. Halafu aandike kwenye karatasi anategemea nini: Q haipungui H ikipanda, uzito hauwi chini ya sifuri. Achague alama chache. Kama hana sababu ya kuweka saini na kosaini, asiziweke, maana zikiwekwa zitatumika. Namba kubwa azipunguze kwanza. Usawa wa ziwa ukiandikwa kutoka usawa wa bahari ni mita elfu moja mia moja thelathini na kitu, na programu itapoteza muda kujifunza kutoa elfu moja, atoe yeye. Ukomo wa urefu wa mlinganyo auweke chini. Sehemu ya data aifungie kabisa, na kama data zina tarehe, asifungie za kubahatisha, afungie miaka ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayofanana na kesho. Kisha aendeshe programu mara kadhaa. Inaanza kwa bahati, kwa hiyo majibu yanatofautiana. Mlinganyo unaorudi kila mara una uzito kuliko uliotokea mara moja. Milinganyo inayowezekana ni mingi mno. Mwaka 2022 Virgolin na Pissis walithibitisha kwamba tatizo hili ni gumu kwa asili yake, hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuhakikisha umepata bora kuliko yote. Asidanganywe na neno "bora" kwenye jedwali la majibu. Hilo ni pendekezo la programu.

MWALIMU: Na akishapata?

KIJANA: Ampelekee mtu anayejua kitu chenyewe. Mlinganyo wa samaki ampelekee Mama.

MAMA: Aje asubuhi. Jioni sina muda.

MWALIMU: Basi mimi sipingi tena programu, napinga mpangilio. Hoja imesema "badala ya kuubuni kwa kichwa na kalamu". Kijana mwenyewe ameanza na kalamu, amemaliza na Mama, na programu iko katikati. Hoja kama ilivyoandikwa imeanguka.

KIJANA: Imeanguka kwa neno "badala", Mwalimu. Mengine yamesimama.

MZEE: Nami niseme upande wangu. Mwaka 2022 Pablo Lemos, Cranmer na wenzao walichukua takriban miaka thelathini ya data za mwendo wa sayari na miezi yake, mashine ikawarudishia sheria ya uvutano ya Newton. Sayari hazina waziri wa nishati. Ziwa letu linao, na si mmoja. Kazi hii ikija kwetu lazima ijifunze hilo, au itaandika sera za watu kwa jina la maumbile.

Nilikuwa mwenyekiti, kwa hiyo uamuzi ni wangu na lawama ni zangu. Nafuta neno "badala" kama Mwalimu alivyotaka, na hoja iliyobaki naipitisha: anayeanza atumie programu, tena aanze mapema, kwa sababu mlinganyo mfupi ni kitu ambacho Mzee, Mwalimu na Mama wanaweza kukigombania mezani, na yale makubwa yanayojiita akili unde hayawapi nafasi hiyo. Lakini alama nyingi za siku nampa Mzee. Kosa alilolionyesha Jinja halirekebishwi na programu mpya wala kompyuta yenye nguvu zaidi, kwa kuwa habari inayohitajika haimo ndani ya safu za H na Q.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye madaftari: wanaopima samaki mialoni, wanaosoma kipimo cha mvua shuleni, wanaoandika kina cha kisima kijijini. Ongezeni safu ya maneno kando ya namba. Andikeni nani alipima, kwa kifaa gani, kilikaa wapi, na siku gani kilibadilishwa. Kama kuna geti, andikeni nani alilifungua na kwa amri ipi. Msilifanye hilo mwishoni mwa mwaka kwa kukumbuka. Fanyeni kuanzia ukurasa mnaouandika sasa, kisha mwiteni kijana na kompyuta yake.